Verlin na Tuta Lililopanda Daraja

Verlin Kuhlmann amekata nyasi za tuta la bwawa letu kwa miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kumwona akiacha hata chipukizi moja la mti lifike magotini. Husema mizizi hutoboa udongo, na maji hufuata mizizi. Tuta hilo baba zetu walilisukuma kwa tingatinga la kukodi, huku kwetu kwenye vilima vya Ozark, Marekani, wapate bwawa la kuogelea na kuvulia samaki. Ni udongo mtupu, ila njia ya maji ya ziada pembeni, ambayo ni ya zege na ina nyufa.

Mkewe alipofariki, Verlin aliuza nyumba yake ya mjini, akanunua kwangu nyumba ya magurudumu, akaiegesha chini kabisa ya tuta, upande mkavu. Nilimwambia pale pana mbu. Akanijibu, "Pale nitasikia likivuja kabla nyinyi hamjaona kitu." Kila asubuhi alivaa buti, akazunguka akipapasa udongo, na penye unyevu akachomeka kijiti chenye utepe mwekundu. Wanachama wa chama cha bwawa tulimshukuru kwa kumkaangia kambale.

Aprili iliyopita akaja mkaguzi wa mabwawa wa jimbo, Bi. Tamsin Ott. Akapanda tuta, akashuka, akasimama mbele ya ile nyumba.

"Nani anaishi hapa?"

"Mimi, dada. Ndimi mlinzi."

Akaandika.

Barua ilifika Mei. Bwawa limepandishwa kutoka daraja la hatari ndogo hadi hatari kubwa. Ama tujenge njia ya maji pana mara tatu, ama tutoboe tuta, bwawa likauke. Sisi ni wanachama arobaini, wengi wastaafu. Kujenga hatuwezi.

Verlin akaja dukani kwangu na barua mkononi.

"Nisomee tena. Miwani yangu ni mizima, barua ndiyo mbovu."

Nikasoma.

"Limeharibika wapi? Anionyeshe tundu moja!"

Tukampigia Bi. Ott.

"Bwana Kuhlmann, sikusema tuta ni bovu. Umelitunza kuliko mengi niliyoyaona. Daraja halipimi ubovu. Linapima tuta likibomoka litamuua nani."

"Haya, litamuua nani?"

"Wewe, mzee."

Verlin akaitazama simu.

"Lakini mimi niko pale ili lisibomoke."

"Naelewa."

"Kwa hiyo ningekuwa mvivu, nikakaa mjini natazama besiboli, tuta lingekuwa salama?"

"Lingekuwa daraja la chini. Usalama ni habari nyingine."

"Dada, hiyo habari nyingine ndiyo ninayoitaka mimi!"

Nilishapiga hesabu yangu. Bwawa likikauka, boti zangu nitamuuzia nani? Nikamwambia nina kipande cha ardhi mlimani, maji yanaonekana vizuri. Ahamie huko, naye anioshee boti msimu mzima.

"Wewe ungeuza kaburi la mama yako," akasema.

"Hujaniuliza bei."

Alinuna siku nne, kisha akakubali nusu msimu. Juni tukaivuta nyumba kwa trekta. Njiani aliuliza kila kona, "Sasa limekuwa zuri zaidi? Na sasa?" Bi. Ott akarudi, akatazama mahali palipobaki alama za magurudumu, na Agosti bwawa likarudishwa daraja la hatari ndogo. Watoto wakaruka majini wakipiga kelele. Nyufa za zege ziko palepale.

Verlin hakusherehekea. Anasema usiku hasikii kitu huko juu, na hajui afurahi au aogope. Kila asubuhi hushuka kwa gari, hukaa chini ya tuta hadi saa sita. Wiki iliyopita alimpigia tena Bi. Ott.

"Nikiweka kiti pale je? Kiti kinahesabiwa?"

"Kitini hakuishi mtu, mzee."

"Nikisinzia?"

Bi. Ott akasema atauliza ofisini. Hadi leo hajapiga. Verlin ananiuliza mimi anafikiri nini yule dada. Sijui. Nimemuuzia kiti kisichoegemeka nyuma, asije akasinzia.