Kashata za Rukia na Mrashi wa Zuhura

Tuliokuwapo siku ile, mwanangu, ni mimi. Rukia, binti wa shangazi yangu. Mama yake, Shangazi Aziza. Zuhura wa jirani yetu Bi Salma. Na Bi Nuru, aliyetusomesha Kurani, sisi na watoto wengine wa mtaa, ukumbini kwake, Kibokoni. Uhuru ulikuwa umeshaingia, mwaka wenyewe umenipotea.

Rukia alikuwa amehitimu juzuu ya Amma, basi mamake akaleta sinia ya kashata za njugu na mrashi, ile chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia marashi, kama ilivyokuwa desturi. Kila mtoto ale, hata kipande, apate baraka. Kukataa kulikuwa kama kumwombea mwenzio asisome.

Sinia ikamfikia Zuhura. Akaipitisha.

“Huyo angoja halwa,” Rukia akasema. Tukacheka.

Bi Nuru hakucheka. Hakuwa mkali, ila baraka kwake lilikuwa jambo zito. “Zuhura, chakula cha Kurani hakimdhuru mtu. Kipande tu, mwanangu.”

“Bi, nikila njugu midomo hufura, na koo huziba.”

“Kwa bismillahi haliwezi kuziba.”

Mtoto afanyeje? Akachukua kashata, akaisogeza mdomoni.

Shangazi Aziza akamshika kiganja, taratibu, akaitoa. “Bi Nuru, niwie radhi. Kashata nimepika mimi. Wa kuudhika ni mimi, na sikuudhika. Koo ni lake, yeye ndiye alijuaye.” Kisha akampa Zuhura mrashi. “Wanyunyizie wenzio. Baraka ya Rukia leo itapita mkononi mwako.”

Sote tukamtazama Bi Nuru. Mama wa watu akakinga viganja.

“Anzia kwangu,” akasema.

Sasa, mwanangu, najua shuleni kwenu wako wasioweza yai, au samaki, au maziwa, na wako wanaowacheka kuwa wadeka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto akikwambia chakula hiki chanidhuru, msadiki kabla midomo haijafura. Usimjaribu kwa kipande. Wala usimkalishe kando peke yake. Mtafutie mrashi wake ashike.

Mola awape afya, na awape wenzenu wa kula nao kwa amani. Na kama nimekosea jina au jambo, nisahihisheni. Zuhura mwenyewe yu hai, aketi Ganjoni, muulizeni.