Bi Hajulikani na Mjusi Wake

Ninayoandika hapa hamtayaamini. Hata mimi nisingeyaamini, ila sijazoea kujibishia mwenyewe, mtu niliyeishia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa na la kunifundisha.

Dada yangu alikuwa mponda kokoto. Miaka kumi na tisa chini ya kilima kimoja, nyundo mkononi, kipande cha bati kikimpa kivuli, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Kwenye nyufa za mawe yale anaishi mjusi mwenye koo la buluu ambaye, wasomi wanasema, hayuko popote pengine duniani. Kilima hicho tu. Ukivuka barabara, humwoni.

Aliyemkamata wa kwanza ni dada. Alimfunika na kitambaa chake cha kichwa, polepole, mkia usikatike, akamkabidhi mtaalamu aliyekuwa amehangaika wiki mbili na nyavu zake. Shahidi nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nimeenda kumsaidia dada kula chakula chake cha mchana.

"Mama, jina lako litaandikwa," mtaalamu akasema.

Likaandikwa la mama mkwe wa mtaalamu, ndilo mjusi anaitwa mpaka leo. Kisha kilima kikazungushiwa waya ili mjusi astarehe, waponda kokoto wakaambiwa kwaherini. Dada akapata kazi ya usafi kwenye jumba la maonyesho. Kila asubuhi anapangusa chupa alimolowekwa mjusi wake, na kibao chini yake: "Aliyemkamata: Hajulikani."

Tangu hapo namwita Bi Hajulikani. Hacheki.

Mwezi uliopita vibao vilikuwa vinachapwa upya. Mkuu wa jumba akamwambia dada alete shahidi Ijumaa saa sita, ndipo jina la dada litiwe. Baada ya hapo basi tena. Dada akanijia.

"Kaka, sijawahi kukuomba kitu. Sema ulichokiona tu, usitie chumvi."

"Mambo madogo hayo! Niachie mimi."

Basi Ijumaa nikavaa koti, nikaingia ofisini bila hodi. Nikapiga meza ngumi, kalamu zikaruka, mkuu akajibanza nyuma ya kabati, nikamwambia, bwana wee, andika jina la dada yangu sasa hivi, naye huku anatetemeka akaokota kal—

"Kaka." Amesimama nyuma yangu, anasoma, kitambaa cha kufutia kiko begani. "Nilikusubiri mlangoni mpaka saa kumi. Ulipitia wapi?"