Pampu Zilizongoja Leseni

Kazi yake ilikuwa kugeuza vitu visivyotumika. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ghala halijashika joto, alivaa glavu, akafunua turubai la pampu ya kwanza, akachomeka mtaimbo kwenye kichwa cha shafti, ule mhimili unaozungusha pampu, na kuusukuma kwa bega mpaka shafti izunguke robo. Robo na ushee kidogo, isije ikalala tena palepale. Kisha akachora alama ya chaki na kuhamia pampu ya pili. Pampu zilikuwa tatu, kila moja kubwa kama lori, na hakuna hata moja iliyowahi kuzungushwa kwa umeme. Zilinunuliwa ili zisukume maji ya kupoza kinu cha nyuklia. Kinu chenyewe kilikuwa bado ni shimo.

Shafti nzito ikiachwa imelala upande mmoja hupinda kwa uzito wake yenyewe, na beringi inayoibeba hupata kovu. Kwa hiyo lazima igeuzwe, hata kama haiendi popote. Hilo ndilo lililomfanya aitwe Robo. Jina alipewa na kinyozi aliyekuwa na kibanda mkabala na nyumba yake, mtu asiyeacha mpita njia apite bila neno.

"Robo, leo mmewasha?"

"Bado."

"Basi waambie wakubwa zako kwamba jana umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kichwa cha mwalimu. Ameenda kufundisha na kofia."

"Wakubwa zangu wanasubiri leseni ya Tume."

"Na Tume inasubiri nini?"

Hapo Robo hucheka, maana swali hilo hata meneja alikuwa halijui jibu lake.

Zamani alikuwa fundi wa pampu katika idara ya maji ya jiji, na alikuwa fundi kweli. Kampuni ya umeme ilipoleta mitambo yake ikamwita, na meneja akamwambia maneno aliyoyashika kama kiapo: "Leseni ya kujenga ikitoka, zifunge wewe. Zikianza kazi, zitunze wewe mpaka ustaafu." Mkewe, muuguzi, akaacha kazi yake ya jiji wakahamia pamoja na binti yao kwenye mji ule mdogo uliokuwa ukijazwa nyumba mpya za wafanyakazi.

Halafu katika nchi ya mbali kinu kimoja kikakosa umeme wa kuendesha pampu zake. Joto likapanda, mabomba yakaanza kuvuja, na watu wakaonekana kwenye televisheni wakitoka majumbani na mabegi mikononi. Wiki hiyohiyo Tume ya usalama wa nyuklia ilisimamisha leseni zote za ujenzi mpaka ijiridhishe. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeweza kusema Tume imekosea, na jambo hilo ndilo lililomuumiza Robo kuliko yote. Angekuwapo mtu wa kulaumiwa, angalau angelala na hasira yake vizuri.

Tume iliuliza maswali, kampuni ikajibu, na majibu yakazaa maswali. Mwenyekiti alibadilishwa, wa pili akaanza upya kusoma alichokisoma wa kwanza. Wamimina zege wakapunguzwa, kisha wapishi wao, kisha zahanati alikoajiriwa mke wa Robo ikafungwa kwa kukosa wagonjwa, naye akawa hana kazi. Shimo la kinu likajaa maji ya mvua, bata wakalihamia.

Mkewe aliitwa kuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto katika hospitali moja, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Alilileta jambo hilo mezani, binti akiwa ameshaenda kulala.

"Twende," alisema. "Pampu za maji ziko kila mahali. Hospitali yenyewe wanabeba maji kwa ndoo."

"Meneja anasema ni miezi michache tu."

"Alisema hivyo mtoto akiwa darasa la tano."

"Safari hii ameambiwa na mtu wa ndani."

"Mume wangu, nikuulize bila ugomvi. Hao wake wenzangu watatu wana nini ambacho mimi sina?"

Robo akacheka. Mkewe hakucheka. Akakunja kitambaa cha meza mara mbili, mara nne, ndipo Robo akaona kwamba inabidi ajibu kweli.

"Nataka nizisikie zikinguruma," alisema. "Nikiondoka sasa, nitakuwa nimetoa jasho kwa vyuma vilivyolala. Nisikie hata siku moja."

Wakaafikiana. Leseni ikitoka, mke ataomba uhamisho arudi. Isipotoka mpaka binti amalize sekondari, Robo atafungasha na kuwafuata, bila maneno mengine. Wakapeana mikono juu ya meza kama watu wanaouziana kiwanja, kisha mke na binti wakaondoka.

Robo alizoea kupiga simu jioni. Mkewe alianza kila mara na lilelile: "Wenzangu hawajambo?" Mwanzoni lilikuwa utani. Sijui ni mwaka gani lilipoacha kuwa utani. Nadhani hata yeye Robo hakujua, maana aliendelea kulicheka.

Binti akamaliza sekondari. Robo alikwenda kwenye mahafali, akapiga picha, na siku ya pili akamwambia mkewe kwamba Tume imekubali kuja kukagua mitambo iliyohifadhiwa, mwezi unaofuata, na hakuna mwingine wa kuwafungulia.

"Mwezi mmoja," alisema.

"Tulipeana mikono," mkewe alisema.

"Ndiyo. Mwezi mmoja tu."

Ukaguzi ulichelewa, ukachelewa tena, na binti akaingia chuo. Wakaguzi walipofika hatimaye, waliifungua pampu ya kwanza mbele yake. Shafti ilikuwa imenyooka. Beringi ziling'aa kama zimetoka kiwandani jana. Mkaguzi mkuu, mwanamama mwenye sauti ya upole, alimpa mkono na kumwambia kwamba amekagua maghala mengi na hajaona matunzo kama yale. Robo alimpigia mkewe simu akiwa bado ghalani, mikono imejaa grisi.

Kisha uamuzi ukatoka. Tume ilisema pampu zimetunzwa vizuri mno, ila ni za muundo wa zamani. Ajali ile ilifundisha kwamba umeme ukikatika kwa muda mrefu, sili za pampu za aina hii, yaani pete zinazozuia maji yasivuje pale shafti inapopita, huungua. Kampuni ilete pampu za muundo mwingine, na maombi ya leseni yaanze kusikilizwa upya.

Meneja alikuja ghalani mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Umetuokoa, fundi. Kwa hali hii zimepata mnunuzi. Zingekuwa na kutu tungeziuza kwa kilo."

"Nimewaokoa," Robo alisema.

"Hata wewe usivunjike moyo. Ghala linabaki. Pampu mpya zikifika utazipokea. Miaka michache tu."

"Na mpaka zifike nageuza nini?"

Meneja alidhani ni utani, akampigapiga begani.

Mnunuzi alikuwa kampuni ya nchi nyingine, na alimtuma fundi wake, kijana mchangamfu aliyependa kila alichokiona. Yeye na Robo walizikaza shafti zisitikisike njiani. Kijana alisema kwao kinu kiko karibu kukamilika, pampu zitawashwa mwaka huohuo.

"Na leseni?" Robo aliuliza.

"Kwetu leseni haina maneno mengi, mzee wangu. Waziri akishasema, imesemwa."

"Na suala la sili?"

"Sili zina nini?"

Robo alimweleza yote, taratibu, kama alivyoelezwa na mkaguzi. Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akasema atawafikishia wakubwa, kwa sauti ileile ambayo Robo alikuwa ameisikia kwa meneja miaka yote. Kwa muda mrefu Robo, ingawa alijua haina kosa, alikuwa ameilaani Tume kila asubuhi akiwa anapiga mswaki. Siku ile, malori yakikata kona ya lango, alitamani nchi ya yule kijana ingekuwa na Tume yenye roho mbaya kama ya kwao.

Alikataa ghala tupu. Alifunga mzigo, akamwachia kinyozi mtungi wa gesi na viti, akapanda basi. Alifika kwa mkewe alasiri, akamkuta kibarazani amevaa sare, anafunga viatu kwenda zamu.

"Nimekuja," alisema.

"Zimeondoka lini?"

"Jumamosi."

Mkewe aliangalia begi, akaangalia uso wake. "Basi usiseme umekuja, baba watoto. Sema wenzangu wamekuacha."

"Kampuni iliniomba nibaki, nikakataa."

"Ubaki na nini? Na kuta?" Akasimama. "Zingekuwapo bado, ungekuja?"

Jibu la kumfurahisha lilikuwapo, na Robo alilijua.

"Ningeisubiri Tume," alisema.

"Asante kwa kutonidanganya." Alisema bila ukali, kama anavyoongea na mzazi wa mgonjwa. "Utalala chumba cha binti. Alikuwa hapa likizo nzima, amerudi chuoni juzi."

"Mbona hakuniambia yupo?"

"Nilimwambia akupigie. Akasema, nimpigie aniambie nini, mwezi mmoja tu?"

Robo akalitua begi. Mkewe alifungua mkoba, akachomoa ufunguo mdogo kutoka kwenye kishikio na kumpa. Ulikuwa wa mlango wa nyuma. Akafunga wa mbele, akautia ufunguo wake mkobani, akashika njia ya hospitali.