Mtungaji wa Ng'ombe

Diriye alimjua Komora kwa barua. Mwaka ule wa hamsini na nne karantini ilikuwa imewekwa Garsen, na Diriye, mfanyabiashara wa ngozi na mifugo, alikuwa na ng'ombe arobaini ng'ambo ya mto wasioruhusiwa kuvuka. Watu wakamwambia yuko mwalimu mmoja asiye na cheti, kijana wa Kipokomo aliyelelewa kwa wajomba zake Kipini, ambaye akiandika Kiswahili hata bwana wa mifugo huacha chai yake ipoe. Diriye akamwendea. Komora akaandika ukurasa mmoja wa kumwomba bwana wa mifugo, akataka alipwe debe la mafuta ya taa.

"Nusu debe," akasema Diriye. "Karatasi moja tu hii, mwalimu."

"Haya." Komora akashika kalamu, akaielekeza kwenye mistari miwili ya chini.

"Wewe nafuta nini?" akauliza Diriye.

"Ombi. Nusu debe inatosha salamu na habari za mvua. Ombi limo katika nusu ya pili, mzee."

Diriye hakuzoea kubanwa bei na mtu anayemwita mzee. Alitoa debe zima, ng'ombe wakavuka wiki ile ile, na tangu siku hiyo hakupeleka barua kwa mwandishi mwingine. Alipenda mali nzuri, nayo ile ilikuwa mali nzuri.

Miaka miwili baadaye kamati ya shule ilimwambia Komora kwamba asipopata cheti nafasi yake atapewa mwingine. Chuo kimoja cha ualimu, huko chini pwani, kilikuwa kinaita watu kwa mafunzo ya muhula mmoja kabla ya kuwachagua. Kiswahili kilikuwa na madarasa mawili, la kawaida na la juu. Mwisho wa muhula kila mmoja angepewa daraja, na kwa daraja hilo angeingia chuoni au angerudi kwao.

Komora alimwuliza Diriye achague lipi.

"La juu," akasema Diriye bila kufikiri. "Wewe una ngozi ya ng'ombe, taenda kuianika na za mbuzi?"

Gershom wa Kulesa, mwalimu mwenzake, alichagua la kawaida. Huko walisoma umoja na wingi, mambo ambayo Gershom alikuwa akiwafundisha watoto kwa miaka mitano. Alitoka na daraja la kwanza, akachukuliwa. Komora alitoka na daraja la tatu katika darasa la juu, akaletewa barua ya mistari minne. Chuo, ilisema, kinapokea daraja la kwanza na la pili tu.

Alikuja dukani na daftari lake la insha, akaliweka juu ya mizani ya ngozi. Diriye hakujua kusoma sana, akamwambia amsomee wino mwekundu.

"Hapa niliandika habari za Waorma. Nikasema, 'Mtungaji huamka alfajiri kutunga ng'ombe.' Mwalimu ameandika, 'Ng'ombe hawatungwi. Hutungwa mashairi.'"

Kwa watu wa Kipini, kutunga ng'ombe ni kuwapeleka malishoni. Kiswahili cha vitabuni husema kuchunga. Diriye alilijua neno hilo kwa namna zote mbili, tena yeye ni Msomali.

"Iko ngine?"

"Niliandika, 'Watoto wakateka sana.' Kwetu ni kucheka. Ameuliza, 'Walimteka nani?'"

"Huyo mwalimu kwao wapi?"

"Ng'ambo. Amesomea Kiswahili huko huko."

Diriye aliona kinyaa, kama mtu aliyefungua kiriba cha samli akakuta panya. Kosa la Komora hakulikana. Ameambiwa wazi kwamba hapo pana lugha ya kitabu, naye akaandika ya nyumbani, akatwe alama. Lakini kumweka nyuma ya Gershom? Na ni yeye, Diriye, aliyesema la juu.

Lori lake lilikuwa linashuka pwani na ngozi. Akampakia Komora juu yake, wakaenda chuoni.

Mkuu wa chuo aliwapokea kwa adabu, pamoja na karani wake Changawa, Mgiriama mpole mwenye miwani. Diriye hakuzunguka.

"Bwana mkubwa, mimi napanga ngozi. Ya ng'ombe daraja la tatu rundo lake, ya mbuzi daraja la kwanza rundo lake. Hapana mnunuzi nachanganya rundo. Nyinyi nachanganya."

"Daraja ni daraja," akasema mkuu.

"Daraja ya nini?"

Mkuu akamtazama Changawa. Changawa akatoa fomu, akamgeuzia Diriye, akaonyesha kwa kidole. Kiswahili, na mbele yake kisanduku kimoja. "Hapa huandikwa daraja, mzee. Pa kuandika darasa gani, hapapo."

"Ongeza mstari."

"Fomu inatoka Nairobi," akasema mkuu.

Diriye aliwatazama wote wawili. Watu wazima, wamevaa soksi, wanafungwa na kisanduku. Akataka kuondoka, kisha akakumbuka hakufuata raha. Akaanza kubana, kama sokoni. Mkuu akakubali Komora arudie mwakani, katika darasa la kawaida.

"Yeye natoa mwaka. Wewe natoa nini?"

"Mimi sitoi kitu."

"Basi toa barua kwa kamati ya shule, nafasi yake isiguswe. Karatasi moja tu."

Mkuu alifikiri, akamwagiza Changawa apige taipu. Hayo ndiyo pekee waliyoyapata siku hiyo. Nje, Diriye alitazamia Komora aseme hatarudia, walau atukane kidogo ili abembelezwe. Komora alikunja barua akaitia mfukoni.

"Nitarudia. Nitaandika mchungaji."

"Hata husemi neno?"

"Neno lipi, mzee? Lao au letu?"

Akarudia. Umoja na wingi muhula mzima. Akapata daraja la kwanza kwa kazi ambayo angeifanya akisinzia, akaingia chuoni, akatoka na cheti miaka miwili nyuma ya Gershom, kwa kuwa mvua zilikata barabara akakosa ufunguzi mmoja wa chuo, akangoja mwaka mwingine. Gershom alikuwa keshakuwa mwalimu mkuu wa shule ile ile. Komora akawa chini yake, na mshahara wa mwenye cheti, na nyumba ya bati. Hakulalamika. Watoto wakiandika mtungaji, aliwakata alama mbili.

Chuo hakikupoteza lolote ambalo kilijua kuwa kilikuwa nalo.

Mwaka wa sitini na mbili kijana wa Kiorma, Dado, mwenye ulimi mtamu kuliko wote sokoni, alikuja kumwuliza Diriye achague darasa gani kule chuoni.

"La chini," akasema Diriye, akageuka kutema mate nje ya mlango.

"Lakini mzee, hilo nalijua lote."

"Ndiyo maana."