Kiangazi cha Nyundo ya Yakuti

Spreyi ya nywele ina harufu inayokwaruza koo, na kiangazi kile ilijaa katika fleti yetu ya ughaibuni, Hyattsville, mpaka ikaishinda harufu ya dagaa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, naishi na baba tu. Mama alikuwa amebaki Morogoro akisubiri viza ambayo kila tulipouliza ilikuwa bado kidogo. Baba alifanya kazi kwenye ghala la samani. Jioni alirudi, tukala, akaosha vyombo, kisha akakaa dirishani kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Wahenga walisema upweke ni uvundo, lakini hawakusema kwamba unaweza kuwashika watu wawili ndani ya chumba kimoja, kila mtu na wake.

Aliyeutikisa ukimya ule ni Rick, Mzungu mrefu, nywele zimeanza kumtoka utosini, aliyeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo pale ghalani. Ujanani alikuwa mwimbaji wa bendi ya glam metal, roki ile ya magitaa makali inayopigwa na wanaume waliovaa suruali za kubana na kujipaka wanja. Bendi ilikuwa imevunjika zamani. Sasa watu wa rika lake walikuwa wameanza kuukumbuka muziki ule, naye akaamua kuifufua, ila alikosa mpiga dramu. Siku moja wakati wa mapumziko akamsikia baba, ambaye Morogoro alikuwa amepiga katika bendi ya dansi, akicharaza maboksi kwa viganja. "Hakuniuliza natoka wapi," baba alinisimulia huku akicheka. "Aliniuliza kama nina wigi." Jina la bendi alinitafsiria: Nyundo ya Yakuti.

Kila Jumamosi tulivuka mto kwenda Springfield, kwenye gereji ya Rick, wakafanya mazoezi mpaka mabati ya mlango yakatetemeka. Siku za maonyesho mimi ndiye niliyempaka baba wanja, yeye amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, macho juu.

"Mkono usitetemeke, mwanangu. Mama yako akiniona hivi ataomba talaka."

"Au atakuazima hereni," nikamjibu.

Kanisani walimsema. Dada mmoja wa kwaya alimwuliza mbele za watu, mzee mzima, wigi la nini? Baba akamjibu kwa upole kwamba ni sare ya kazi. Walianza kwenye baa ndogo, baadaye wakapata kumbi zenye jukwaa, na mwezi wa saba wakaalikwa kwenye maonyesho ya wilaya, mchana, mahali ambapo hata watoto waliruhusiwa. Nilisimama kwenye nyasi kati ya watu wazima waliokuwa wakiimba kila neno, wengine wakilia. Rick alipomtambulisha baba, umati ulilipuka kwa shangwe. Baba alirusha kijiti juu, akakidaka, akacheka kwa meno yote. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu tulipoagana na mama uwanja wa ndege. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu kicheko kile hakikunihusu.

Halafu ikaja ziara ya majimbo ya kusini. Baba aliomba likizo, akaniacha kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongo, mama mwema mwenye watoto wengi waliokuwa na michezo yao na siri zao. Nililala kwenye kochi lao. Mchana nilikuwa napanda kwenye fleti yetu kwa ufunguo wangu, nakaa tu, nasikiliza friji ikinguruma. Mama Furaha alinikuta huko.

"Usilie, mutoto wangu. Papa yako atarudia."

"Silii," nilimwambia kwa Kiingereza, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa tu mahali ambapo tungekaa wote.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Walirudi kabla ya wakati. Baba alinieleza kwamba ukumbi wa kwanza ulijaa nusu, wa pili meza chache, na wa mwisho Rick alipasuka sauti katikati ya wimbo, akawageuzia wasikilizaji kipaza sauti wamwimbie. Hakuna aliyeimba. Baba aliendelea kupiga peke yake mpaka mwisho, kwa kuwa hakujua la kufanya. Bendi haikukutana tena. Rick aliacha kazi ghalani, na baba akarudi dirishani.

Viza ya mama haikutoka kamwe. Nilipoingia chuo, baba alirudi Morogoro, na wanaishi vizuri. Mimi sasa nina umri wake wa wakati ule, nakaa peke yangu huku huku ughaibuni, mtaa wa Columbia Heights, juu ya barabara isiyonyamaza. Majuzi nilimwuliza kwenye simu, "Baba, ulipoondoka kiangazi kile, hukuona kwamba nitabaki peke yangu?"

"Niliona," akasema. "Lakini nilikuwa nimeanza kusahau sauti yangu mwenyewe."

Zamani jibu hilo lingeniumiza. Siku hizi naweza kukaa toka Ijumaa hadi Jumatatu bila mtu kuniita jina. Nilimwomba asikate simu. Akaanza kunieleza bei ya mchele na ugomvi wa majirani, nami nikaiweka kwenye spika juu ya meza, nikapika taratibu, ili ndani pawe na mtu anayezungumza.