Kabureta ya Mgeni

Nilipaswa kukataa pale pale mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji chetu, aliponiambia, "Fundi, wewe umesoma, na pikipiki unazijua. Ipime hii, utuambie kama ni yake." Ningeweza kumjibu kwamba fundi anapima mashine, hapimi nani mwenye mashine. Ningeweza hata kusingizia mgongo. Nikasema, "Leteni."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, watu binafsi walipoanza kununua pamba na njia zetu zikajaa nyuso tusizozijua. Kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa fundi wa karakana kilikuwa kimetupunguza. Nilikaa nyumbani, nje kidogo ya Somanda, zaidi ya mwaka mzima nikiziba pancha za baiskeli, na kidato changu cha nne kikiwa hakina wa kukiuliza neno. Siku hiyo wanaume kama arobaini, wenye fimbo na mapanga, walinyamaza wakisubiri nifungue mdomo. Sitadanganya. Nilifurahi.

Asubuhi ng'ombe saba walikuwa wamekutwa hawapo kwenye zizi la jirani yetu. Mwano ukapigwa. Mwano ni yowe letu la hatari. Ukilisikia ukabaki ndani, unahesabiwa kuwa mmoja wa wezi. Tulifuata nyayo mpaka lamboni, kule mifugo ya vijiji vitatu inakokunywa maji, na hapo nyayo zikapotelea kwenye nyayo nyingine. Lakini pembeni tulimkuta mtu amechuchumaa karibu na pikipiki ya Kiingereza, kuukuu, yenye umri mkubwa kuliko wengi wetu tuliokuwa pale. Suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini. Alisema ametoka Malampaka, anamtafutia tajiri wake pamba, na pikipiki imemzimikia tangu alfajiri. Wakati ule ilikuwa inasemwa kwamba wezi wa ng'ombe hutanguliza mtu wa pikipiki kuwaangalizia njia.

"Kama ni yako, iwashe," mtemi alimwambia.

Akapiga kiki. Akapiga tena. Injini ilikohoa mara moja tu, ikanyamaza.

"Piga, baba, piga!" mmoja akamcheka. "Mbona ng'ombe zetu ziliwaka mara moja?"

"Ndugu zangu, nimevuka maji pale bondeni, ndipo ilipoanza kukwama. Gete, kweli kabisa, ni yangu hii. Karatasi zake ziko nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Wakacheka wote. Aliendelea kupiga mpaka chuma cha kiki kikaruka na kumchana muundi, damu ikachuruzika kwenye kiatu. Ndipo nilipoitwa.

Nilifungua plagi, nikaiegemeza kwenye kichwa cha injini, nikamwambia apige kiki. Cheche ikaruka, ya bluu, yenye nguvu. Umeme upo. Nikaishika ncha ya plagi kwa vidole: kavu kabisa. Nikachomoa mpira unaotoka tangini, petroli ikamwagika mkononi. Mafuta yapo tangini, hayafiki kwenye moto. Kati ya tangi na moto kuna kabureta tu. Fundi wa mwezi wa kwanza angeng'amua. Nilijua, nikiwa bado nimechuchumaa, kwamba kabureta imeziba, na kwamba hata aliyeiunda pikipiki ile asingeiwasha kwa kiki peke yake.

"Vipi?" mtemi aliuliza.

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma: "Mbona anakawia? Au fundi anamjua?"

Neno hilo liliniingia kama baridi. Nikasimama, nikajifuta mikono, nikasema, "Mwenye chombo anajua tabia ya chombo chake."

Nimeyarudia maneno hayo kwa miaka, na sijaona uongo ndani yake. Kila mtu alielewa nilichokusudia.

Fimbo ya kwanza ilimpata sikioni. Alipoinua mikono kulinda kichwa wakampiga mbavuni, aliposhusha mikono wakampiga kichwani. Walikuwa wanapiga kwa zamu, kama watu wanaopura mtama, na kila pigo lilikuwa na swali lake: "Ziko wapi?" "Nani mwenzako?" Mtu mmoja alitumia ubapa wa panga. Niliona meno mawili yakianguka juu ya tope, naye akayatafuta kwa mkono kana kwamba angeyarudisha.

Mimi nilipiga magoti kwenye pikipiki. Nilijiambia kwamba nikiitengeneza ikawaka, wataona alikuwa anasema kweli. Nilikuwa na ulimi, nikachagua spana. Nikafungua bakuli la kabureta. Ndani mlikuwa na maji, na tope jekundu lililoshikana na nyuzi za pamba. Nikalimwaga. Boya lilikuwa zima. Jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, ilikuwa imeziba. Waya ungekitanua, kwa hiyo nikamwomba mtu unywele mmoja kutoka kwenye usinga wake wa mkia wa ng'ombe. Akanipa, akageuka kuendelea kupiga. Nikauchomeka, nikapuliza kwa mdomo, nikakiinua kitundu kwenye jua mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Niliifanya kazi ile kwa makini, kama niko karakanani. Hilo nalo nalikumbuka.

Nikafunga kila kitu, nikapiga kiki moja. Ikawaka.

Fimbo zikasimama. Yule mgeni alikuwa amelala kifudifudi; aliusikia mlio, akainua uso uliokuwa umevimba jicho moja lisionekane, na nadhani alitabasamu. Kisha kijana wa mtemi akapiga kelele: "Ona! Fundi kiki moja tu! Yeye kapiga mia! Ya kwake iko wapi hapo?"

Wakamrudia kwa nguvu kuliko mwanzo.

Mke wangu alikuwa amekuja lamboni kuteka maji. Alikuwa ameniona nikifungua kabureta. Kazi hiyo aliijua, maana enzi za kiwanda nilikuwa nikisafishia jeti nyumbani, kwenye bakuli lake. Akaacha ndoo, akaja akikimbia.

"Baba watoto, waambie! Si ilikuwa imeziba? Nimekuona ukipuliza! Waambie!"

Wote walikuwa karibu kunigeukia. Nikainamia pikipiki, nikavuta mafuta, kana kwamba naogopa itazima. Mlio ukaimeza sauti yake. Akaniangalia mara moja, halafu akawapita wale wanaume na kumlalia yule mtu mgongoni. Fimbo iliyokuwa tayari hewani haikurudi. Nilisikia mtulinga wake ukivunjika, juu ya kelele za injini.

Ndipo walipoacha, kwa sababu aliyeumia sasa alikuwa mwanamke wa kijiji.

Mgeni tulimbeba kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali. Alikufa kesho yake mchana. Mkewe alikuja na karatasi ya mauzo ndani ya mfuko wa plastiki. Pikipiki ilikuwa mali yake halali, aliinunua wakati ofisi moja ilipouza vitu vyake vya zamani. Siku ya nne ng'ombe walipatikana. Waliowaiba walikuwa wawili, walikwenda kwa miguu, na mmoja wao alikuwa kwenye mwano pamoja nasi. Polisi walipokuja, kijiji kilinichagua mimi kuandika maelezo, kwa kuwa nimesoma. Niliandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba marehemu alishambuliwa na wananchi wenye hasira wasiofahamika. Hakuna aliyeshtakiwa.

Mfupa ulipounga, mke wangu aliondoka na watoto wanne kwenda kwa baba yake Ipililo. Nilimfuata. Hakutoka ndani. Baba mkwe alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akaniambia, "Binti yangu anasema uliijua kweli." Sikubisha. Baada ya mavuno alituma watu wanirudishie ng'ombe wa mahari, wote kumi na wanane. Kwetu ndoa ikivunjika, mkwe hubakiza ng'ombe kadhaa kwa ajili ya watoto, na watoto hubaki wa baba yao. Yeye hakubakiza hata mmoja, maana yake watoto si wangu tena. Niliomba wazee wanisaidie, awapokee tena ng'ombe hata wachache. Wakaniambia jambo limekwisha.

Mtu asiye na hatia alikufa kwa neno langu, na nilimpoteza mke. Watoto wangu wanne walipewa jina la ukoo wa mama yao, mahari ya mabinti ikapokelewa na mjomba wao, na katika wajukuu walio hai leo hakuna hata mmoja anayeniita babu.