Mume wangu alivyotafiti Kisumbwa kwa mama mkwe wake kupitia dirishani

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba.

Haya ninayoandika yametokea kwenye familia yangu, na mume wangu naye yumo humu jukwaani. Nikitia chumvi atanisuta mchana kweupe, kwa hiyo nitasema kama yalivyokuwa.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo hapa Nyasubi, Kahama. Kwetu ni Mbogwe, sisi ni Wasumbwa. Mume wangu ni Msukuma wa Ibadakuli, mwalimu wa sekondari, na kipindi hicho alikuwa anamalizia masters ya isimu.

Isimu ni nini? Hata mimi nilimuuliza, tena kabla sijakubali kuolewa, maana nilidhani ni ugonjwa.

Ni hivi. Anachukua lugha na kuifumua kama mimi ninavyofumua rasta. Chukua neno "hatutampikia". Humo ndani kuna sisi, kuna kukataa, kuna wakati ujao, kuna mtu anayenyimwa chakula, na kuna kupika kwenyewe. Mwingereza hapo anaandika mstari mzima.

Sasa Mwalimu alitaka kulinganisha Kisukuma na Kisumbwa: neno linajengwaje huku na kule, na sentensi inapangwaje.

Kisukuma anacho cha kuzaliwa. Kisumbwa ndiyo ikawa shughuli. Kijijini kwetu dhahabu imeleta watu wa kila kabila, vijana wanaongea mchanganyiko. Kila aliyemuuliza alimjibu vilevile: Kisumbwa kilichonyooka, nenda kwa mama fulani.

Mama fulani huyo ni mama yangu mzazi. Yaani mama mkwe wake.

Wenye mila mmeshaelewa. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai wakatazamana na kupiga stori. Wakikutana njiani, mmoja anakata kona. Halafu huyu anataka kumuuliza maswali kutwa nzima!

Bahati nzuri nilikuwa nimekwenda kwa mama kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Mwalimu akaja likizo, akafikia kwa kaka yangu, nyumba ya jirani. Tukatafuta njia. Yeye akae nje kwenye kigoda chini ya dirisha, mama akae ndani pamoja nami na mtoto, pazia lishushwe, rekoda iwekwe dirishani. Mwalimu anasema sentensi kwa Kiswahili, mama anaigeuza Kisumbwa.

Wakuu, ilipendeza. Mama alifurahia kuliko hata mwenye utafiti. "Watu wanakimbia." "Watu walikimbia juzi." "Watu hawajakimbia." Mama ananigeukia, "Hivi hao watu wanakimbia nini, mbona hawafiki?" Nami nacheka mpaka mshono wa uzazi unauma.

Zile sentensi zilitoka chuoni zimeshapangwa. Hakuna aliyekaa akafikiria zitasomwa kwenye nyumba gani.

Siku hiyo Mwalimu anasoma huko nje, "Mtoto amelala." Mama akajibu.

"Mtoto ameamka." Akajibu.

"Mtoto amekufa."

Mama akanyamaza. Mwalimu akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Mtoto wangu alikuwa mapajani, kitovu hakijadondoka. Nikamkumbatia. Kwetu, kwenye nyumba yenye mtoto wa umri ule, hata kuku akifa unasema amepotea.

Mama hakuangalia dirishani, aliniangalia mimi. "Mwambie mwenzio, neno hilo nimeshalisema mara moja katika nyumba hii. Sirudii."

Mdogo wangu aliyenifuata alifariki akiwa mchanga. Mwalimu hakuwa na habari hiyo, kwetu ni jambo lisilozungumzwa. Mama akainuka, akaenda jikoni, na utafiti ukaishia hapo.

Mwalimu aliomba radhi kupitia kwa kaka. Mama akasema yameisha. Lakini kesho yake mtoto akapata joto, akakataa ziwa.

Sitajifanya kwamba niliwaza kisomi. Nilimchukia mume wangu. Tuko kwenye bodaboda kuelekea kituo cha afya, nimemfunga mtoto kifuani, na ninachosikia masikioni ni ile sentensi tu.

Nesi alipomfungua akasema ni kitovu, kimepakwa kitu kikaingia uchafu, tungechelewa ingekuwa habari nyingine. Akalazwa, akaanza sindano.

Maelezo ya nesi yalieleweka. Ila ukoo nao ulikuwa na maelezo yake. Mjomba, kaka wa mama, akaja mpaka wodini. "Mpwa wangu, huyo bwana kakiita kifo, kikaitika. Ukitoka hapa usirudi kwake."

Na mimi sikumbishia.

Mwalimu muda wote huo yuko nje kwenye benchi, hali chakula vizuri, halali usingizi. Nilipotoka kufua nguo za mtoto akanipa rekoda mkononi. "Futa zote. Nitatafuta mada nyingine." Sikuwa na nguvu hata ya kubonyeza kitu, nikaitumbukiza kwenye kapu la nguo.

Asubuhi moja mtoto akalia kwa hasira, akalitafuta ziwa mwenyewe. Nikalia pamoja naye. Joto lilikuwa limeshuka, na baadaye tukaruhusiwa.

Tulipofika nyumbani tulikuta mjomba na wazee wengine wamekaa uani. Baba alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho juu ya mkwe lilikuwa la mama. Kama angesema nibaki, ningebaki. Nawaambia ukweli.

Mama akamwagiza kaka amwite Mwalimu, akae palepale chini ya dirisha. Kisha akaniuliza, "Ile mashine yake iko wapi? Iwashe."

Akampakata mtoto, akaanza kusema Kisumbwa taratibu, kwa sauti ya kufika uani. Nawatafsiria:

"Mtoto ameamka. Juzi hakunyonya, leo amenyonya. Kesho atanyonya tena. Atakaa. Atatambaa. Atasimama, ataanguka, atasimama tena. Atanichotea maji. Nitamtuma dukani, atachelewa, nitamgombeza. Baba yake atamfundisha kusoma. Ataoa, nitacheza."

Akapumua.

"Huyu atanizika. Mimi sitamzika."

Nikasikia Mwalimu analia huko nje. Halafu akasema kwa Kisukuma chake, "Wabeja, mayu." Yaani asante, mama. Mama akamwitikia mwenyewe, bila kupitia kwangu, jambo ambalo, ukiacha zile sentensi za utafiti, halikuwahi kutokea tangu nimeolewa.

Mjomba akakohoa, akauliza kama kuna chai.

Nikarudi Kahama na mume wangu. Masters yake aliimaliza kwa maneno yale ya mama, maana ndani yake mlikuwa na jana, leo, kesho, kukubali na kukataa, karibu kila alichokuwa anakitafuta. Ila ukifungua kitabu chake, kwenye jedwali la vitenzi, mstari wa "kufa" upande wa Kisumbwa uko wazi. Msimamizi wake aliuliza kwa nini. Akajibu kwamba mzungumzaji alikataa, na yeye hataomba tena.

Nilichojifunza: ukienda kuomba lugha ya mtu, chungulia kwanza nyumbani kwake kuna nani. La pili si langu, ni la nesi: kitovu cha mtoto kiacheni kikavu, msipake kitu, hata kama anayepaka ni bibi anayewapenda.

Haya, Wasumbwa wenzangu, mashemeji Wasukuma, Wazinza na wengine wote. Kwenu ni maneno gani hayatamkwi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga? Shusheni hapa. Na wanaoona mjomba alikuwa sahihi nao waseme tu, sitanuna.